Kiwanda Kilizimwa, Ata Akaendelea Kuanika

Mtu yeyote aliyesomea mambo ya misaada ya kigeni ukimtajia Ziwa Turkana, atakuletea habari za kiwanda. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol kwa pesa za Norway, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 80, kikafanya kazi siku chache, kikazimwa. Kuendesha majokofu katikati ya jangwa kulikuwa na gharama isiyobebeka, na maji safi ambayo kiwanda kilihitaji yalikuwa ya shida. Hadithi hii imesimuliwa vyuoni, magazetini na kwenye mikutano ya wafadhili mpaka imekuwa kichekesho: eti Wazungu walitaka kuwafundisha wafugaji kuvua samaki.

Mimi kichekesho hicho hakinichekeshi. Si kwamba ni uongo, kiwanda kweli kilikufa. Shida ni kwamba kinaishia pale mashine zilipozimwa, kana kwamba samaki nao walizimwa. Ng'ambo ya ghuba, Longech, siku hiyo hiyo kulikuwa na wanawake wameinama wakipasua samaki, wakiwapaka chumvi, wakiwaanika. Mmoja wao alikuwa nyanya yangu. Aliendelea kufanya hivyo zaidi ya miaka thelathini baada ya kiwanda kunyamaza, na sijaona ripoti inayomtaja.

Kwa wasiopajua: Longech ni ulimi wa mchanga upande wa magharibi wa ziwa. Ukitoka Lodwar unaenda Kalokol, kilomita sitini hivi, halafu unavuka Ghuba ya Ferguson kwa mtumbwi. Mbele yako ni ziwa lenyewe, la rangi ya kijani inayobadilika na upepo, nyuma yako ni ghuba. Katikati ni mchanga, mikoma na nyumba za makuti za mviringo. Maji ya ziwa ni ya magadi. Ukiyanywa tangu utotoni meno yanakuwa ya kahawia, na ndiyo maana mtu wa Turkana akicheka Nairobi kuna mjinga lazima atamuuliza kama anatafuna miraa.

Nyanya tulimwita Ata, kama Waturkana wengi wanavyowaita nyanya zao. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa 1948. Mwaka huo uliamuliwa na karani aliyemwangalia usoni akakadiria. Yeye mwenyewe hakuhesabu kwa tarakimu. Waturkana wa umri wake huhesabu kwa njaa, kila njaa na jina lake, na ukitaka kujua umri wa mzee unamuuliza njaa fulani ilimkuta akiwa na uwezo wa kufanya nini. Ata alisema Namotor ilimkuta akichunga mbuzi lakini bado hajaaminiwa ngamia. Namotor ni njaa ya 1960, na jina lenyewe linahusu mifupa iliyotokeza nje. Kwa hiyo yule karani hakukosea sana.

Sasa fikiria mwaka huo. Kwenye vitabu vya shule, Lodwar ya 1960 ni jambo moja tu: Jomo Kenyatta alikuwa amewekwa pale chini ya ulinzi, baada ya kutolewa gereza la Lokitaung mwaka 1959, na alikaa hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Turkana yote ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu wa nje haingii bila kibali, na ndiyo maana serikali ya kikoloni ilipaona panafaa kuficha watu. Nilipokuwa darasa la saba nilimweleza Ata haya yote kwa fahari ya mtoto aliyetoka kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Huyo mzee alikuwa anakula?" Nikamwambia nadhani alikuwa anakula. Akaendelea na kazi yake.

Maana kwao hakukuwa na chakula. Mbuzi wa babake walikufa, kisha ngamia, kisha familia ikashuka ziwani kwa miguu kwa sababu ilisikika serikali inagawa unga huko. Kambi za njaa zilianzishwa karibu na maji, na mwaka 1961 watu wa idara ya uvuvi wakaleta nyavu Ghuba ya Ferguson ili waliopoteza mifugo wajilishe. Hapa ndipo kile kichekesho cha wafadhili kinapokosa ukweli: Waturkana wa ufukweni walikuwa wakivua tangu zamani, kwa matenga ya kufunikia samaki maji mafupi, kwa vyusa, na kwa vyelezo vya magogo ya mkoma. Kilichokuwa kigeni ni nyavu na wingi wa watu.

Na aibu. Hiyo lazima niiseme kwa sababu watu wa mjini hatuielewi vizuri, sisi tunaolipa pesa nyingi kwa ngege mzima na ugali, tena mara nyingine ngege mwenyewe ametoka China. Kwa mfugaji wa wakati ule, kula samaki kila siku kulimaanisha umeisha. Mali ni mifugo. Mifugo ndiyo mahari, ndiyo urafiki, ndiyo fidia ukikosana na mtu. Samaki hawezi kuolea mke. Babake Ata alikula samaki akiwa ameupa mlango mgongo, ili mtu anayepita asimwone. Alikufa akingoja kurudi malishoni. Ata alisema hakuwahi kumwona akigusa wavu.

Yeye aligusa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, na mikono midogo inafaa kutoa samaki wavuni bila kuukata. Mshahara ulikuwa samaki. Kufikia katikati ya miaka ya 60 alikuwa anajua kazi ambayo ingemlisha maisha yake yote, na nataka kuieleza kwa utaratibu kwa sababu ni kazi yenye akili nyingi kuliko inavyoonekana.

Samaki wanafika asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Ngege unampasua kutoka mgongoni, si tumboni, ili akifunguka alale bapa kama kitabu. Matumbo yanatoka, damu inaoshwa kwa maji ya ziwa. Iji, yaani sangara, ni mnene, ukimwanika mzima anaoza ndani huku nje amekauka, kwa hivyo unamchana vipande virefu na kumkata mikato ya kina ili chumvi iingie. Kisha anapangwa kwa tabaka, samaki, chumvi, samaki, chumvi, analala. Kesho yake anaanikwa juu ya nyavu kuukuu au majani ya mkoma, asiguse mchanga, maana mnunuzi akiuma mchanga hamrudii mtu. Unamgeuza mchana. Usiku unamfunika. Upepo wa Turkana, ule unaovuma kutoka ziwani asubuhi mpaka unakusukuma, ndio mashine yenyewe, bure, bila dizeli. Adui ni wadudu wanaomtafuna samaki ndani ya gunia, na mvua. Mvua moja ya usiku, kitu ambacho nchi nzima inaomba, inaweza kukumaliza.

Chumvi ilikuwa hesabu ngumu kuliko zote. Ukiweka kidogo samaki ananuka kabla ya kufika Kitale. Ukiweka nyingi faida yote imeingia kwenye chumvi. Ata alipima kwa kiganja na hakuruhusu mtu mwenye kiganja kikubwa kumsaidia. Shangazi yangu mmoja aliondolewa kwenye kazi hiyo kwa sababu ya ukubwa wa mkono wake, na alilisimulia jambo hilo kama watu wanavyosimulia kufutwa kazi benki.

Aliolewa na mvuvi. Katikati ya miaka ya 70 ngege walijaa ghubani, watu wakamiminika Longech na Kalokol, kukawa na ushirika, mashua, mizani, maduka. Mwaka 1975 hata jina la ziwa likabadilika. Kabla ya hapo liliitwa Rudolf, jina alilolipa Count Teleki mwaka 1888 kumtukuza mwana wa mfalme wa Austria, kijana ambaye hakuwahi kuliona na aliyekufa mwaka uliofuata. Teleki mwenyewe alifika akiwa na msafara wa wapagazi wa pwani, akiongozana na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, kwa hivyo huenda Kiswahili kilifika ufukoni pale siku moja na Kijerumani. Nilimuuliza Ata kama alikumbuka jina lilipobadilishwa. Hakuelewa swali. Kwake liliitwa Anam, na halikuwa limebadilika.

Kadi ya uanachama wa ushirika ilikuwa ya babu, kwa sababu wavu ulikuwa wa babu. Wavu wenyewe ulinunuliwa kwa samaki wakavu wa Ata. Hili sisemi kumlaumu babu, ndivyo mambo yalivyoandikwa wakati ule, lakini mwanahistoria anayefungua vitabu vya miaka ile akitafuta nani alikuwa akifanya kazi Longech atapata orodha ya wanaume wenye nyavu. Atadhani samaki walijikausha.

Pesa ya samaki ilikwenda wapi? Ilinunua mbuzi. Wataalamu walisikitika sana kuona mvuvi akipata tu kidogo anakimbilia mnadani kununua mifugo, wakaona ni ukaidi. Mimi naona ilikuwa busara kabisa ya wakati wake: ziwa lilikuwa benki ya dharura, na mtu hakai benki. Kufikia 1978 babu alikuwa na mbuzi zaidi ya mia moja na ngamia wachache, akaondoka ziwani kurudi malishoni na mke wa pili. Ata alibaki Longech na watoto wanne. Alisema alibaki kwa sababu kulikuwa na magunia matano ambayo hayajauzwa.

Kisha ikaja Lopiar, jina lenye maana ya kufagia. Mwezi wa Aprili 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikasambaa mpakani. Uvamizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Juu yake ukame, juu yake magonjwa ya mifugo, juu yake kipindupindu. Mbuzi wa babu, ambao kila mmoja alikuwa samaki kadhaa aliyepasuliwa, akapakwa chumvi na kugeuzwa mchana, waliondoka kwa usiku mmoja. Babu alirudi Longech akiwa na fimbo na mtoto mmoja mgongoni. Mke wa pili alifika wiki moja baadaye. Ata alimpa kisu.

Ndiyo hapo kiwanda kinapoingia. Unaona sasa kwa nini kilikuwa na maana? Maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia ziwani kwa mara ya pili katika miaka ishirini, na juu ya mchanga wa Kalokol kulikuwa kunasimama jengo kubwa la kisasa. Watu waliamini kutakuwa na kazi kwa kila mtu. Lilipozimwa hawakucheka. Muda si mrefu, kufikia katikati ya miaka ya 80, mvua zikapungua kwenye nyanda za juu za Ethiopia, Mto Omo ukaleta maji machache, na huo ndio mto unaolipa ziwa karibu asilimia 90 ya maji yake. Ghuba ya Ferguson ikakauka. Mahali mitumbwi ilipokuwa ikipita, watoto wakacheza mpira.

Ata hakuwasema vibaya Wanorway. Alikuwa na maoni yake: kiwanda kilikuwa upuzi, lakini barabara haikuwa upuzi. Pesa za Norway ndizo pia zilizosaidia kuunganisha Kitale na Lodwar kwa lami, na kabla ya barabara, samaki wake walikuwa mali ya yeyote mwenye lori aliyethubutu kufika. Baada ya barabara malori yalikuwa mengi, na malori yakiwa mengi unaweza kukataa bei. Mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano na Norway kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, Wanorway wakafunga virago. Ata hakujua Koigi ni nani. Alijua tu kwamba mashimo ya barabarani yalianza kutozibwa.

Miaka ya ukame wa ghuba ndiyo anayoizungumzia kidogo kuliko yote. Alisuka vikapu vya mkoma. Alichoma makaa. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma, na habari ikafika Lodwar kwamba kuna watu huko wenye unga lakini hawana kuni. Akaenda. Alikaa Kakuma kwa vipindi, miezi mitatu, minne, akibeba kuni kichwani na kuzibadilisha kwa mahindi na mafuta na Wasudani, wengi wao wavulana wadogo waliokuja bila wazazi. Mkate wao ulitoka kwenye lori la Umoja wa Mataifa na kuni zake zilitoka kwenye laga, na kila upande ulidhani mwenzake ana bahati. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kile cha kuhesabu na kubishana. Mpaka kufa kwake alikuwa anajua kusema "punguza kidogo" kwa lafudhi ya Juba.

Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilirudisha maji. Ghuba ikajaa, ngege wakarudi, na Ata akarudi Longech, akajenga upya akai yake, maana kwetu nyumba hujengwa na mwanamke na ni ya mwanamke. Sasa hakuwa tena mtu wa kuuza samaki wachache. Alinunua kwa wavuvi kwa mali kauli, akakausha, akajaza magunia, akauza Kalokol kwa wafanyabiashara kutoka Kisumu na Busia, na wengine kutoka Kongo, maana samaki wa chumvi wa Turkana wanapendwa sana kule. Fikiria hilo: samaki anavuliwa na Mturkana, anapandishwa lori, anapita Lodwar, Kitale, Busia, anavuka Uganda, anaishia sufuriani Kongo. Hakuna mradi uliopanga njia hiyo. Ilitengenezwa na wanawake wenye visu, madereva, na madalali ambao, ndiyo, walijipunja nao vya kutosha.

Hela hizo ndizo zilizonunua sare yangu. Masomo ya msingi yalikuwa bure kuanzia 2003, lakini bure ya Kenya mnaijua.

Kuna hofu tuliyokuwa nayo sote. Ethiopia ilijenga bwawa la Gibe III juu ya Omo, wakaanza kulijaza mwaka 2015, likazinduliwa Desemba 2016. Maji yakashuka, na kila mtu, mimi nikiwemo, nikiwa chuoni Eldoret, niliamini tunaandika tanzia ya ziwa. Mwaka 2018 UNESCO ikaiweka hifadhi ya Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Halafu, kuanzia 2019, mvua zikanyesha na ziwa likapanda. Maziwa ya Bonde la Ufa yalifanya hivyo karibu yote, Baringo, Naivasha, Nakuru. Longech, ulimi wa mchanga, haina mlima wa kukimbilia. Maji yaliingia pande zote mbili. Mikoma ikasimama ndani ya maji, ikafa imesimama.

Ata alihamisha akai yake mara tatu. Mara ya kwanza alisema ziwa linatania. Mara ya pili hakusema kitu. Mara ya tatu wajukuu walibeba miti, yeye akabeba chumvi, tukamvusha mpaka Kalokol, ambako aliishi kwenye chumba cha mabati akilalamika kwamba upepo haufiki. Alikuwa amekosa kila kitu kinachokausha samaki. Miguu ilikuwa imevimba. Tulipompeleka hospitali, aliyempokea aliuliza kazi yake akajibiwa, akaandika "hana kazi". Niliiona karatasi ile kwa macho yangu.

Alifariki mwaka 2021. Tulimzika bara, mbali na maji.

Sanduku lake la bati lilikuwa na shanga, kadi ya babu ya ushirika, na upande wa ndani wa kifuniko, mistari ya makaa. Madeni. Hakujua kuandika majina, kila mstari alijua ni wa nani. Sisi hatukujua. Tulitangaza kwenye matanga kwamba mwenye deni na marehemu asihangaike, yameisha. Wiki iliyofuata mvuvi mmoja alikuja na ngege sita, akamwonyesha shangazi mstari wake. Mwingine alileta chumvi. Dereva wa lori alituma shilingi elfu mbili kwa M-Pesa akiwa Busia na ujumbe: za mama wa Longech. Kila anayelipa shangazi anamfutia wake kwa kidole. Mpaka sasa imefutwa kumi na minne, imebaki tisa, na kifuniko hakijaoshwa.